Kopo Lenye Tundu Upande wa Kushoto

Naanza na upumbavu wangu mwenyewe, maana nisipousema mimi mama atausema, na mama akisimulia anaongeza chumvi mpaka chakula hakiliki. Nilipasua betri mpya za redio yake kwa jiwe.

Nilitaka ule unga mweusi wa ndani. Kila aliyesoma shule ya msingi huku kwetu Maretadu anaujua. Ijumaa mchana unakuja na betri zilizokufa, zinasagwa, zinachanganywa na majani ya maboga, na ubao wa darasa unasuguliwa mpaka unakuwa mweusi kama sufuria ya msibani. Betri zilizokufa zilikuwapo nyumbani, lakini zilikuwa zimevimba na kutoa majimaji, nikaona kinyaa. Kwa hiyo nikaua zilizo hai. Nikapaka unga wake kwenye kipande cha mbao nilichong'oa mlangoni mwa banda la kuku, nikatoboa, nikatia kamba, nikamvisha mdogo wangu Resti shingoni. Nikampa chaki. Nikarudi nyuma hatua kadhaa, mikono kiunoni, kama fundi anayetazama nyumba aliyoimaliza.

Resti akautazama ubao. Akanitazama mimi. Kisha akaulamba kuanzia chini mpaka juu, kama ndama anavyolamba magadi.

Basi hapo nikawa na kuku nje, redio bubu, na mtoto anayelia huku anatema mate meusi. Mama alikuwa shambani anapalilia maharage. Nikambeba Resti na uzito wake wote, nikakimbilia kwa jirani yetu Mwalimu, ambaye ndiye niliyekaa kumwandika hapa.

Lakini kwanza Resti. Alizaliwa nyayo zake zikitazamana kama watu wawili wanaoteta kanisani. Alitembea kwa pembeni mwa miguu, na alitembea kwa kasi, usidhani. Alipofika miaka minne ndipo mama alisikia kwamba hospitali ya misheni wananyoosha nyayo za namna hiyo kwa plasta: wanafunga, unarudi, wanafungua, wanasukuma kidogo, wanafunga tena, mpaka nyayo zikubali. Wakamfunga miguu yote miwili, toka vidoleni hadi pajani. Daktari alimwambia mama nikiwa nimesimama pale pale: "Plasta ikivunjika kabla ya siku yake, nyayo zinarudi zilikotoka. Na mtoto ameshakuwa mkubwa. Tukianza upya, itakuwa kwa kisu."

Mama akarudi nyumbani na neno hilo moja, kisu. Resti naye alikuwa amerudi na wazo lake moja, kijiko. Aligundua kwamba ukikwangua plasta kwa kijiko inatoka unga. Tukificha kijiko anatumia jiwe. Tukiondoa mawe anatumia meno ya kitana. Baba yuko migodini, anakuja anapokuja, na mama hawezi kuacha shamba. Kwa hiyo likizo ile kazi yangu ilikuwa moja tu: kuilinda plasta dhidi ya mwenye miguu. Sikuruhusiwa kwenda mpirani wala mnadani. Nilikuwa mfungwa, na mfungwa mwenzangu alikuwa na silaha.

Ndiyo maana nikataka apate cha kufanya na mikono. Nia ilikuwa nzuri. Unga ndio ulikuwa mbaya.

Mwalimu alitukuta mlangoni kwake.

"Shikamoo Mwalimu—"

"Amekula nini?"

"Ubao, Mwalimu."

"Ubao gani?"

"Niliopaka betri."

Hakuniuliza zaidi. Alimpokea Resti kama anapokea kikapu cha mayai, akamkalisha kwenye kigoda, akamfuta ulimi kwa ncha ya khanga, akamsukutulisha kwa maji, na maji tena, na tena, mpaka mate yakarudi kuwa mate. Kisha akanigeukia.

"Wewe Mzaha. Simama pembeni. Uso ukutani."

"Mwalimu, mimi niko kidato cha tatu."

"Ukuta hauulizi kidato."

Nikasimama. Nyuma yangu nikasikia Resti, aliyekuwa anakufa muda mfupi uliopita, anacheka.

"Mtoto wa umri huu anachora kwanza kwa ulimi," Mwalimu aliuambia mgongo wangu. "Unampa sumu avae shingoni. Sekondari wanawafundisha nini huko?"

Mwalimu alifundisha darasa la kwanza. Si kwamba alianzia hapo akapanda, hapana. Alifundisha la kwanza mpaka alipostaafu. Walitaka kumpa madarasa ya juu akakataa, akawaambia yeye anatia msingi, wao huko juu wakaendelee kuharibu. Alinifundisha mimi, alimfundisha mama, na karibu kila mtu hapa kijijini anayejua kuandika jina lake anashika kalamu kwa namna moja, kidole kimekunjwa kama ndoana, kwa sababu kidole hicho alikikunja yeye.

Hakuita mtu kwa jina lake. Wiki ya kwanza shuleni anakutazama, anakupa jina, na jina haliondoki. Mimi ni Mzaha. Mzee mmoja wa kanisa ni Kamasi mpaka leo. Mwenyekiti wetu wa kitongoji, mtu mwenye mhuri wake mfukoni, akimwona Mwalimu anakuja anavuka barabara na kujifanya anakagua ua wa mtu, kwa sababu alikojoa darasani akiwa mdogo, na Mwalimu hajawahi kuona kuwa cheo kinafuta kojo.

Sheria zake zilikuwa fupi. "Kaa kama mtu." "Kelele ni ya kuku." Ukimsalimia huku unatembea, anakurudisha ulikotoka uje tena, usimame, useme shikamoo yako yote pamoja na herufi ya mwisho. Nimemwona akimrudisha dereva wa basi.

Sasa ukidhani ni mtu wa sheria tu, hujaliona debe lake. Aliyeiba kifutio darasani alichekwa na shule nzima, lakini chini ya kitanda cha Mwalimu kulikuwa na debe la vipande vya chaki, chaki za serikali, alizozikusanya miaka yote mfukoni mwa sweta. Nilipomuuliza kama huo nao si wizi, alisema hayo ni makombo, na makombo ni ya aliyepika. Darasani alikataza Kiiraqw, lugha yetu ya nyumbani. Ukiropoka neno moja unavishwa kibao shingoni mpaka mwingine naye aropoke. (Hata wazo langu la kumtundikia mtu ubao lilitoka huko, kama mtu anatafuta wa kumlaumu.) Lakini nenda zizini kwake asubuhi. Ng'ombe wake hawajui Kiswahili hata salamu. Anawatukana kwa Kiiraqw kitamu, kirefu, cha zamani, mpaka unatamani kuwa ng'ombe.

Halafu mwavuli. Alikuwa na mwavuli mweusi ambao hakuwahi kumwazima mtu, hata padri. Kiangazi aliufungua kuzuia vumbi. Masika mvua ikikolea aliufunga, akaukumbatia ndani ya sweta usiharibike, akatembea analowa. Tulimcheka sana kwa hilo. Ukumbukeni huo mwavuli.

Na alikuwa na vita moja kubwa kuliko zote, vita na mkono wa kushoto.

Kwa Mwalimu, kushoto ni mkono wa kushikia karatasi isiruke. Mtoto akishika nao chaki, Mwalimu anatoa utepe wa kitambaa mfukoni, anaufunga mkono huo kwenye mguu wa dawati, na somo linaendelea. Watoto wa kulia wakianza kuandika walipewa chaki nzima, ndefu, mpya. Wa kushoto walipewa vipande, vile vidogo vinavyokwaruza kucha, mpaka wanyooke. "Chaki nzima ni ya aliyenyooka," ndivyo alivyosema.

Mama yangu ni wa kushoto. Analima kwa kushoto, anasonga ugali kwa kushoto, na kofi lake la kushoto naweza kulitolea ushahidi. Lakini kalamu anashika kwa kulia, polepole, herufi zake zimeinama kama watu waliobeba kuni. Jambo hili sikuambiwa na mama. Nililisikia kwa Mwalimu mwenyewe, aliyekuwa akimwona mama njiani anasema kwa fahari mbele ya watu: "Mashoto! Hujambo? Huyu nilimnyoosha mimi."

"Shikamoo Mwalimu," mama anajibu, anainama kidogo, anapita. Siku hizo ugali wa jioni unasongwa kwa nguvu zaidi.

Siku iliyofuata baada ya ile ya betri, Mwalimu aliniita kwa mluzi, kama mbwa. Nikaenda na Resti mgongoni. Alikuwa amemwaga vifungo vyake vyote mezani, na kopo la biskuti lililokuwa linavihifadhi, lile bapa, lilikuwa tupu.

"Tunatengeneza la kwake," alisema. "Dogo la kubeba. Atakwenda nalo mpaka hospitali. Wewe ni kibarua."

Basi nikawa kibarua. Kwanza kusugua ndani ya mfuniko kwa kipande cha tofali mpaka mng'ao wa bati ufe, kwa sababu chaki haishiki kwenye kitu kinachong'aa. Kingo zake nikazigongagonga kwa nyundo zilale ndani, zisimkate. Masizi tukakwangua mgongoni mwa chungu chake cha maharage, tukachekecha kwenye kitambaa. Halafu yai. Sehemu nyeupe tu. Kiini alikila yeye palepale, kibichi, bila haya.

"Ute wa yai unashika kama gundi," alisema, anakoroga masizi kwa unyoya wa kuku. "Na ukilambwa, umelambwa."

Tulipaka, tukatundika mfuniko juu ya moshi wa jiko, tukapaka tena. Ulipokauka aliulamba yeye, kisha akaniletea mdomoni.

"Lamba."

"Mwalimu…"

"Jana ulimlambisha mwenzako. Lamba."

Nikalamba.

"Ladha gani?"

"Moshi, Mwalimu."

"Moshi watu wanakunywa hata kwenye maziwa ya kibuyu kilichofukizwa. Haya."

Mpira wa ndani wa baiskeli ukawa mkanda wa kuvaa shingoni. Chini, ndani ya kopo, vikakaa vipande vya chaki na kitambaa cha kufutia. Mwisho akatoboa tundu pembeni mwa mfuniko kwa msumari, akafunga uzi, na mwisho wa uzi akafunga chaki, aliyoichonga mkato kiunoni ili uzi ushike. Hivyo mtoto akiiangusha anaivuta mwenyewe, haniiti. Hapo nilimpenda Mwalimu, nakiri, karibu dakika nzima.

Tundu alilitoboa upande wa kulia.

Resti akavishwa. Akavuta uzi, chaki ikaja, akaihamishia mkono wa kushoto, akaanza. Uzi ukapita katikati ya mchoro, ukafuta kila alichochora. Akachora tena. Ukafuta tena. Akaanza kununa.

Nikamwona Mwalimu anatia mkono mfukoni mwa sweta. Nilijua kilichomo. Utepe ulikuwa umepauka sasa, lakini ni uleule.

Wakati huo mama alikuwa amefika kutuchukua, jembe begani, matope mpaka magotini. Alisimama mlangoni. Mwalimu alikuwa ameshaushika mkono wa Resti, taratibu kabisa, hata kwa upendo, anauzungushia kitambaa.

"Shikamoo Mwalimu," mama alisema.

"Marahaba, Mashoto. Umezaa mwingine kama wewe. Usihofu, bado mbichi, atanyooka."

"Mwalimu." Mama aliliweka jembe chini. Sauti yake ilikuwa ndogo, ile ya kuombea chumvi kwa jirani. "Miguu imeshafungwa. Mkono muache."

Nimekaa na mama yangu maisha yangu yote na sijawahi kumsikia akimjibu mtu mkubwa. Mwalimu naye nadhani hakuwahi kujibiwa. Walitazamana. Resti peke yake aliendelea kuchora, huku ncha ya utepe inaning'inia kwenye kiwiko chake.

Mwalimu akauvuta utepe, akauviringa, akaurudisha mfukoni. Akalivua kopo shingoni mwa mtoto. "Nendeni," alisema. "Halijakamilika."

Resti alilia njia nzima.

Kesho yake asubuhi kopo lilikuwa kizingitini kwetu, juu ya jani la mgomba. Tundu la kulia lilikuwa limezibwa kwa nta. Tundu jipya lilikuwa kushoto, na uzi na chaki vilikuwa kushoto. Na ndani, juu ya vile vipande vya kawaida, ililala chaki moja nzima, ndefu, nyeupe, ambayo haijawahi kugusa ubao.

Mama aliitoa hiyo chaki. Aliishika muda mrefu kwa mkono wa kushoto, kisha akahamishia wa kulia, kisha akairudisha wa kushoto. Halafu akaizungushia kipande cha gazeti, akairudisha ndani ya kopo, akasema mtu asiitumie. Resti alijaribu mara moja. Alipigwa kidogo, na ilieleweka.

Halafu mvua ikaja, na sasa tukafungwa kweli. Mvua ya kwetu haina haraka. Inakuja na ukungu, inakaa, inafanya kama imelipia pango. Njia ya kwenda barabarani ikawa uji. Plasta haikutakiwa kulowa hata tone, kwa hiyo Resti hakutoka nje hata kuota jua la kusingizia. Nyumba ilinuka moshi na mbuzi. Nilifika mahali nikawa naongea na kijiko nilichokificha darini.

Lakini hakukwangua. Hilo lazima niliandike vizuri: tangu kopo lilipoingia shingoni mwake, mikono yake ilikuwa na kazi. Alichora kuku. Alichora mvua. Alinichora mimi nikiwa kichwa tu chenye masikio, kwa hiyo anajua kuchora. Mwalimu alikuja kila siku kusahihisha, analowa, mwavuli ukiwa kavu kifuani. Alama zake zilikuwa mbili tu tangu dunia iumbwe. Ukikosea anasema "Rudia." Ukipatia anasema "Jitahidi." Hakuna kilichozidi hapo.

Siku moja Resti alimwonyesha ng'ombe.

"Huyu ana miguu mitano," Mwalimu alisema.

"Ndiyo."

"Wa tano ni wa nini?"

"Wa akiba."

Mwalimu aliutazama ule mchoro. Mimi nilisubiri "Rudia." Aliweka miwani yake sawa, ile iliyofungwa kwa uzi, akasema, "Jitahidi," na akaomba maji ya kunywa ingawa alikuwa amelowa kama samaki.

Siku ya kurudi hospitali ilifika mvua ikiwa palepale. Basi haliingii kijijini, linasimama barabara kuu, ng'ambo ya bonde. Mama alisema tusipokwenda, plasta inambana, mguu unakua ndani. Tukienda, plasta italowa, italainika, kisu. Alikaa kwenye gunia la mahindi, kichwa mikononi. Resti akaita "Ayo," yaani mama kwa Kiiraqw, akamwonyesha ng'ombe. Mama hakutazama.

Ndipo Mwalimu akaingia. "Mifuko ya mbolea iko wapi?"

Tukaviringa plasta kwa mifuko ya nailoni, nikambeba Resti mgongoni, miguu yake imechomoza pande zangu mbili kama mikono ya toroli. Tukatoka. Mvua ikatupiga palepale mlangoni. Nikasikia sauti nyuma yangu, *pwaa*, na sikuamini: Mwalimu amefungua mwavuli. Kwenye mvua. Hakuuweka juu ya kichwa chake, wala changu, wala cha mtoto. Aliuweka juu ya ile miguu, akatembea ameinama pembeni yangu, anauhamisha kila nilipoteleza.

"Kanyaga kama mtu, Mzaha."

"Nakanyaga, Mwalimu."

"Unakanyaga kama mbuzi mlevi."

"Mwalimu, wewe umelowa."

"Mimi si plasta."

Bondeni maji yalinifika magotini. Katikati nilisimama, miguu imenata, siendi wala sirudi, na kwa mara ya kwanza likizo ile nilitaka kulia kama mtu. Juu yangu Resti alikuwa amefungua kopo, anachora chini ya kivuli cha mwavuli. Kitu kikagusa sikio langu. Zilikuwa ncha mbili za vidole vya Mwalimu, zilezile zilizotufinya masikio darasa la kwanza. Alinifinya. Nikatoka kwenye tope nikipiga kelele.

Daktari alipozifungua plasta alizigeuzageuza, akamwambia mama kwamba hajaona mtoto wa umri ule anazileta nzima hivyo. "Mmemfunga mikono?" aliuliza kwa utani.

"Hapana," mama alisema. "Tumemfungua."

Zilifuata nyingine, na nyingine, kisha viatu vyenye chuma katikati vya kulalia, na kelele zake. Mwaka huu ulipoanza Resti alitembea kwa nyayo bapa kwenda kwa Mwalimu, akiwa peke yake, akasimama, akasema shikamoo yote. Mwalimu akamwangalia miguu, akasema, "Jitahidi."

Ningependa kuishia hapo.

Mwaka huuhuu, wakati wa kuvuna, Mwalimu alianguka zizini. Kiharusi. Alirudishwa kutoka hospitali upande wake wa kulia ukiwa umelala wote, na maneno yamebaki machache, mazito, yanatoka kama mtu anayevuta gunia. Mama alinituma nipeleke maziwa kwake mara nyingi. Nilikuwa nayaacha kwa mjukuu wake anayemtunza, mlangoni, nakimbia. Sababu ni moja, haina heshima: sikuwa na mzaha wa chumba kile. Niliogopa aniite na jina lisitoke.

Jumapili moja baada ya misa mama alinishika kola. Resti alikuwa amevaa kopo lake, kama kawaida, ingawa sasa yuko shule na ana madaftari.

Mwalimu alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha. Sweta limefungwa vifungo vibaya, kimoja kimeruka. Mkono wa kulia ulikuwa umelala mapajani kama mzigo ambao mtu mwingine amemwachia amshikie. Mjukuu alisema kwa sauti ya juu, ile ya kusemesha watoto, "Bibi, wageni!"

"Shikamoo Mwalimu," mama alisema.

Mdomo ukahangaika. "Ma," alisema. "Ma… sho."

"Ndiyo, Mwalimu. Ni mimi."

Macho yakanigeukia. Nilitega masikio. Hakulipata jina langu. Alinyoosha kidole cha mkono mzima, cha kushoto, akaonyesha pembeni, ukutani. Nikaenda. Nikasimama uso ukutani, kidato cha nne, nikashukuru kwamba uso wangu hauonekani.

"Geuka," alisema Resti. "Anacheka."

Nikageuka. Upande mmoja wa uso ulikuwa unacheka kweli. Resti alikuwa ameshalivua kopo na kuliweka mapajani mwa Mwalimu, juu ya ule mkono uliolala. Mkono wa kushoto ukaja, ukapapasa mfuniko, ukaenda kingoni, ukakuta tundu mahali hasa ambapo mkono wa kushoto unalitafuta. Ukafuata uzi. Ukaikuta chaki.

Vidole vyake vikakomea hapo, juu ya uzi. Kisha akainua macho, akamtazama mama. Nje ng'ombe walikuwa wanalia, hawajatukanwa siku nyingi.

"Shika hivi," Resti alisema, hana subira, akamkunja kidole kama ndoana.

Mwalimu alichora mstari. Ulianza vizuri, ukatetemeka, ukaanguka nje ya kopo. Resti aliutazama, kichwa upande.

"Rudia," alisema.

Akarudia. Kipande kilikuwa kidogo, kikakwaruza kucha, kikamponyoka. Resti akakivuta kwa uzi, akamrudishia. Kikaponyoka tena. Mara ya tatu kikavunjika, na Mwalimu akaufumba mkono, akaurudisha chini ya sweta, akageuza uso dirishani. Nimewahi kuuona uso ule. Wanakuwa nao watoto wa la kwanza, wiki ya kwanza, wanapoanza kuamini kwamba wao ni wajinga.

Mama akapiga magoti mbele ya kiti. Alifungua vifungo vya sweta, akavifunga upya kimoja kimoja, kwa mkono wa kushoto, bila kuvitazama. Alichukua muda wake. Alipomaliza cha juu kabisa alimwambia Resti, bila kugeuka:

"Mpe ile chaki nzima. Kipande kinamtesa mtu anayeanza."